Ombwe na Umeme: Historia Fupi ya Waipa za Gari

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwapima watu, lakini yafaa pia kuvipima vyombo. Kifaa kifanyacho kazi vizuri wakati wa raha, kisha kikashindwa saa ile ile ambayo mwenyewe anakihitaji, hakistahili kuitwa kifaa kamili, hata kikiwa cha bei nafuu na hata kikiwa kimeundwa kwa ustadi. Makala hii yakusudia kueleza historia ya kifaa kimoja cha namna hiyo: waipa za gari zilizoendeshwa kwa ombwe la injini. Waipa hizo zilitumiwa katika mamilioni ya magari tangu miaka ya 1920, na nafasi yake ikaja kuchukuliwa na waipa za umeme. Tutaeleza pia kwa nini hadi leo wenye magari ya zamani huziondoa na kutia za umeme, na mambo yampasayo kuyazingatia fundi afanyaye kazi hiyo.

Huenda msomaji akauliza: jarida la walimu wa Kiswahili lina haja gani na waipa? Haja ipo. Historia tuisomeshayo madarasani imejaa vita, mikataba na majina ya watawala, ilhali maisha ya watu wengi yamebadilishwa na vitu vidogo ambavyo havikupata kuandikiwa sura hata moja ya kitabu. Tena, lugha isiyoweza kueleza kazi ya fundi katika gereji itabaki kuwa lugha ya sherehe na hotuba. Kwa hiyo tutajaribu hapa kuyaeleza mambo ya ufundi kwa maneno ambayo mafundi wetu wenyewe huyatumia, na pale yasipotosha tutayaeleza kwa Kiswahili cha kawaida.

Kioo, theluji na mvua

Magari ya kwanza hayakuwa na haja kubwa ya waipa. Mengi yalikuwa wazi juu, mengine hayakuwa hata na kioo cha mbele, na mwendo wake haukuzidi sana ule wa farasi. Mvua iliponyesha, dereva alilowa pamoja na abiria wake, yakaisha. Taabu ilianza kuonekana katika vyombo vilivyofungwa pande zote, na miongoni mwa hivyo vilivyotangulia ni tramu za mijini.

Wakati mmoja wa baridi, Bi Mary Anderson, mwenyeji wa jimbo la Alabama nchini Marekani, alizuru mji wa New York. Akiwa ndani ya tramu aliona jinsi dereva alivyotaabika kuiona njia kwa sababu ya theluji iliyoganda kiooni. Bibi huyo hakuwa mhandisi, lakini aliporudi kwao alibuni kifaa cha kuondoa taabu ile, na tarehe 10 Novemba 1903 serikali ya Marekani ikampa hati ya kuulinda uvumbuzi wake. Kifaa chenyewe kilikuwa mkono wenye ukingo wa mpira uliokaa nje ya kioo, umeunganishwa na wenzo uliokuwa ndani, karibu na dereva. Dereva alipouvuta wenzo, mkono wa nje ulipita juu ya kioo na kuyafuta maji na theluji. Majira ya baridi yalipokwisha, kifaa chote kiliweza kuondolewa na kuwekwa stoo.

Bi Anderson alijaribu kuiuza haki yake. Kampuni moja ya Kanada ilimjibu mwaka 1905 kwamba haikuona kuwa kifaa hicho kingeleta faida ya biashara. Muda wa hati yake ukaisha mwaka 1920, wakati ule ule ambapo magari yalikuwa yakianza kujaa barabarani na kila moja likihitaji kitu cha namna hiyo. Alifariki mwaka 1953 bila ya kufaidika na uvumbuzi wake, na mwaka 2011 ndipo jina lake lilipoingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani. Huko Uingereza nako, mpiga picha mmoja aitwaye Gladstone Adams alipata hati ya kifaa cha kufuta kioo mwaka 1911. Mtu aliyekigeuza kifaa hiki kuwa biashara kubwa, hata hivyo, ni John Oishei wa mji wa Buffalo, katika jimbo la New York. Akiendesha gari usiku wa mvua, Oishei aligongana na mwendesha baiskeli ambaye hakumwona. Tukio hilo lilimshtua sana, na mwaka 1917 akaanzisha kampuni ya kutengeneza vifuta mvua ambayo baadaye ilijulikana ulimwenguni kote kwa jina la Trico.

Waipa za kwanza za kampuni hiyo ziliendeshwa kwa mkono. Ebu tufikirie hali ya dereva wa siku zile: mkono mmoja ameshika usukani, mkono wa pili anafuta kioo, na bado anatakiwa abadilishe gia. Hapana shaka kwamba alihitaji mkono wa tatu. Swali lililowakabili wahandisi likawa ni hili: mkono huo wa tatu utapata wapi nguvu zake?

Hewa isukumayo

Jibu la kwanza lililokubaliwa na wengi lilitoka ndani ya injini yenyewe. Ili kulifahamu, yatupasa kukumbuka somo moja la fizikia.

Injini ya petroli hupumua. Kila pistoni ishukapo ndani ya silinda huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli kutoka kwenye kabureta, kupitia bomba la kuingizia hewa. Kwenye kabureta mna kilango kidogo kinachofunguliwa na pedali ya mafuta. Dereva anapoiachia pedali, kilango hicho hukaribia kufunga. Pistoni huendelea kuvuta lakini hewa haipati njia ya kutosha ya kuingia. Matokeo yake ni kwamba hewa iliyo ndani ya bomba huwa pungufu sana kuliko hewa ya nje. Upungufu huo ndio mafundi wauitao ombwe la injini. Kwa kusema kweli si ombwe kamili, kwa maana hewa kidogo hubaki. Ni ombwe la kiasi.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea. Husemwa kwamba ombwe huvuta. Lakini utupu hauna mikono wala kamba ya kuvutia. Kinachofanya kazi ni hewa ya nje, ambayo ina uzito na husukuma kila upande. Katika karne ya 17 Otto von Guericke wa mji wa Magdeburg, Ujerumani, alilithibitisha jambo hili mbele ya hadhara. Alizikutanisha nusu mbili za tufe la shaba, akaiondoa hewa iliyokuwa ndani, kisha akafunga farasi pande zote mbili ili wazitenganishe. Farasi walitaabika wasiweze. Hakukuwa na gundi wala parafujo; hewa ya nje peke yake ndiyo iliyozibana.

Mota ya waipa ya ombwe ni mtoto wa jaribio lile. Ni kisanduku kidogo cha chuma, ambacho ndani yake mna bapa liwezalo kuyumba huku na huku kama mlango juu ya bawaba. Paipu ya mpira hukiunganisha kisanduku na bomba la kuingizia hewa la injini. Vali ndogo huiruhusu injini kuiondoa hewa upande mmoja wa bapa, huku hewa ya kawaida ikiingia upande wa pili na kulisukuma. Bapa lifikapo mwisho wa safari yake, vali hugeuka yenyewe, na upande uliokuwa mtupu hujazwa hewa, na uliojaa hutolewa. Basi bapa huenda na kurudi, na waipa iliyofungwa kwenye ekseli yake hufuta kioo. Hamna waya, hamna betri, na petroli inayotumika kwa kazi hiyo haihesabiki.

Enzi ya ombwe

Mwaka 1922 William Folberth wa mji wa Cleveland alipewa hati ya kifaa cha kufuta kioo kilichojiendesha bila ya mkono wa mtu. Palitokea shauri la haki baina yake na Trico, na mwisho wake Trico iliinunua kampuni ya Folberth. Tangu hapo mota za ombwe za Buffalo zilienea katika viwanda karibu vyote vya magari vya Marekani.

Umeme nao ulikuwapo. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa waipa yake ya umeme mwaka 1926. Hata hivyo tusiwahukumu kwa haraka wale waliochagua ombwe. Umeme wa magari ya wakati huo ulikuwa dhaifu. Magari mengi yalitumia betri ya volti 6, na dainamo iliyoijaza betri hiyo haikutoa kitu kikubwa hasa injini ilipokuwa ikizunguka polepole. Umeme huo huo ulitakiwa kuwasha taa, kupiga honi, kuitoa cheche ya kuunguza petroli na kuizungusha injini asubuhi yenye baridi. Kuuongezea mzigo wa waipa usiku wa mvua, wakati taa zote zinawaka, kulikuwa ni kumtwisha punda aliyekwisha kulemewa. Ombwe kwa upande wake lilikuwa nguvu ya bure, ambayo injini ingeipoteza hata kama hakuna aliyeitumia. Mota yake ilikuwa na sehemu chache, ya bei rahisi, na haikuungua hata waipa zilipokwama kwa theluji. Kwa gari la miaka ya 1920, lililokwenda pole katika nchi tambarare, lilikuwa jibu la busara.

Kilichobadilika ni gari na barabara. Magari yakawa ya kasi, vioo vikawa vipana, malori yakawa makubwa. Umeme nao ukaimarika: baadhi ya magari ya General Motors yalihamia volti 12 mwaka 1953, na Ford ya Marekani ikafuata mwaka 1956. Sababu ya asili ya kuchagua ombwe ikawa imeondoka. Lakini mota ya ombwe ilikuwa rahisi, nayo ikaendelea kutiwa katika magari ya bei nafuu, huku mnunuzi akiambiwa kwamba za umeme atazipata kwa kuongeza fedha.

Mlima na mvua

Sasa tuitazame kasoro yenyewe. Tumesema kwamba ombwe huwa kubwa wakati dereva ameiachia pedali ya mafuta. Ni wazi basi kwamba akiikanyaga hadi chini kilango cha kabureta hufunguka chote, hewa huingia kwa wingi, na ombwe hupotea karibu lote. Mota ya waipa hukosa nguvu. Waipa hupunguza mwendo, kisha husimama katikati ya kioo.

Na dereva huikanyaga pedali lini? Huikanyaga anapopanda mlima. Huikanyaga anapolipita lori linalorusha maji na matope, wakati ambapo gari lingine laweza kuwa linakuja mbele yake. Hiyo ndiyo saa anayohitaji kuona kuliko saa nyingine yoyote, nayo ndiyo saa waipa zinapomwacha. Akifika kileleni na kuanza kuteremka, mguu ukiwa umetoka kwenye pedali, waipa hupata nguvu na kupiga kioo kwa vishindo kama ngoma ya harusi, ijapokuwa mvua imekwisha katika. Mwamba ngoma, wasema wahenga, ngozi huivutia kwake. Na injini nayo inapohitaji hewa kwa kazi yake yenyewe haibakizi kitu kwa ajili ya mwingine. Dereva hodari walijifunza kuiachia pedali kwa nukta moja katikati ya mlima ili waipa zipite mara moja, kisha kukanyaga tena.

Kwa sisi tuishio katika nchi za miinuko, yaani Uganda, Rwanda, Burundi, nyanda za juu za Kenya na mashariki mwa Kongo, kasoro hiyo ilikuwa na uzito wa ziada. Kwa kuwa ni hewa ya nje ndiyo isukumayo, na hewa hupungua kadiri mtu apandavyo, nguvu ya waipa za ombwe nayo hupungua. Kando ya bahari, injini nzima ikizunguka polepole bila ya mzigo, huwa na ombwe la milimita 450 hadi 530 za zebaki. Kipimo hicho hupungua kwa takriban milimita 25 kwa kila mita 300 za kwenda juu. Mjini Kabale, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, gari lile lile lililofanya kazi vizuri Mombasa huwa limepoteza zaidi ya milimita 160, yaani karibu theluthi moja ya nguvu yote ya waipa zake. Hasara ya pili huja pamoja na ya kwanza: hewa ikiwa nyepesi injini nayo hudhoofika, na dereva hulazimika kuikanyaga pedali zaidi ili apande mlima ule ule.

Magari hayo yalifika kwetu. Kampuni nyingi za Uingereza zilikwisha kuhamia umeme, lakini kiwanda cha Ford cha Dagenham kilifuata desturi ya mama yake wa Marekani, na magari yake ya miaka ya 1950, tangu Anglia ndogo hadi Zephyr, yalikuwa na waipa za ombwe. Ni Zephyr iliyoshinda mwaka 1955 katika mashindano ya Coronation Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ushindi huo waonyesha kwamba gari laweza kuwa imara katika mambo mengi na bado likabeba kasoro moja ya hatari.

Waundaji hawakukaa kimya. Wengine walitia tangi dogo la kuweka akiba ya ombwe, likasaidia kwa muda mfupi. Wengine waliongeza pampu ya pili ndani ya pampu ya petroli, ili isaidie kutoa hewa wakati ombwe la injini linapopungua. Dawa hizo zilipunguza maumivu bila ya kuuponya ugonjwa, nazo zilileta maradhi mengine: ngozi ya pampu hiyo ikipasuka, injini huweza kuvuta oili na kutoa moshi.

Ushindi wa umeme

Mota ya umeme haijui kama gari linapanda au linashuka. Betri ikiwa nzima, huzunguka kwa mwendo ule ule, hata injini ikiwa imezimika. Hilo tu lilitosha kuamua shauri. Mwaka 1959 Ford ya Uingereza ilitoa Anglia mpya, na miongoni mwa mambo yaliyofurahisha watu ni kwamba waipa zake zilikuwa za umeme. Nchini Marekani, tangu tarehe 1 Januari 1968, kanuni ya usalama namba 104 iliagiza kwamba gari jipya la abiria liwe na waipa zenye angalau kasi mbili: ya juu isipungue mizunguko 45 kwa dakika, ya chini isipungue 20, na tofauti baina yake isipungue 15. Kisha kanuni ikaongeza sharti kwamba kasi hizo zipatikane bila ya kutegemea mwendo wa injini wala mzigo wake. Neno ombwe halikutajwa, lakini kila mhandisi alielewa ni nani aliyekusudiwa. Baadhi ya magari ya American Motors yaliendelea na ombwe hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baada ya hapo habari yake ikaisha.

Umeme ulifungua mlango mwingine pia. Robert Kearns, mhandisi wa Detroit, alibuni njia ya kuzifanya waipa zipite mara moja, zipumzike, kisha zipite tena, kama ukope wa jicho unavyofanya. Aliomba hati mwaka 1964. Viwanda vikubwa vilitoa waipa za namna hiyo bila ya kumlipa, akavishtaki kwa miaka mingi, na mwaka 1990 Ford ikakubali kumlipa dola milioni 10.2. Akikumbukwa pamoja na Bi Anderson, msomaji ataona kwamba katika historia ya kifaa hiki ilikuwa rahisi zaidi kuyafuta maji kiooni kuliko kupata haki ya aliyebuni namna ya kuyafuta.

Kazi ya fundi

Mwenye gari la zamani ana njia mbili. Ya kwanza ni kuitengeneza mota ya ombwe. Kabla ya kuilaumu, na aikague paipu ya mpira, kwani ufa mdogo huingiza hewa na kuua nguvu yote. Na azitie mafuta ekseli za waipa ambazo aghalabu huwa zimekauka. Gari litembezwalo siku za jua tu litaridhika na tiba hiyo. Lakini gari linalotembea katika mvua na milima lastahili kupewa umeme, na hapo fundi azingatie mambo yafuatayo.

La kwanza ni volti na upande wa betri uliofungwa kwenye bodi. Mota ya volti 12 katika gari la volti 6 itajikokota. Ya volti 6 katika gari la volti 12 itaungua. Magari mengi ya zamani, hasa ya Uingereza, yalifunga ncha chanya ya betri kwenye bodi, na mota yenye sumaku ya kudumu ikiungwa kinyume itazunguka kinyume. Tena volti zikiwa nusu, umeme upitao kwenye waya huwa maradufu kwa kazi ile ile: mota ya wati 36 huchukua ampea 3 kwa volti 12, na ampea 6 kwa volti 6. Waya uwe mnene wa kutosha, na mota iwe na fyuzi yake.

La pili ni namna ya mwendo. Mota ya ombwe huyumba yenyewe huku na huku. Mota ya umeme huzunguka duara, na duara hilo lazima ligeuzwe kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Kazi hiyo hufanywa na mkono mfupi uzungukao pamoja na mota, uliounganishwa kwa fimbo na mkono mrefu zaidi ulio kwenye ekseli ya waipa. Mkono wa mota ukiwa mrefu kuliko ule wa ekseli, mtambo utajifunga. Hesabu yake ni ya darasa la sekondari: urefu wa mkono wa mota ugawanywe kwa ule wa mkono wa ekseli, na jibu ni saini ya nusu ya pembe inayofutwa. Mkono wa ekseli ukiwa milimita 50, na pembe itakiwayo ni digrii 90, basi mkono wa mota uwe karibu milimita 35. Mwalimu wa hisabati atafutaye mfano ulio hai, huu hapa.

La tatu ni mahali pa kulala. Ombwe lilizilaza waipa chini ya kioo swichi ilipofungwa. Mota ya umeme ikikatiwa umeme ghafla husimama popote ilipo, hata mbele ya macho ya dereva. Kwa hiyo huchaguliwa mota yenye swichi ya ndani iendeleayo kuipa umeme mpaka waipa zifike chini.

La nne, ambalo wengi hulisahau, ni kuliziba tundu lililoachwa kwenye bomba la kuingizia hewa. Likiachwa wazi, injini itavuta hewa isiyopimwa na kabureta, nayo itatetemeka na kuzima. Kama pampu ya petroli ni ile yenye sehemu mbili, ni bora ibadilishwe kwa pampu ya kawaida.

La tano ni adabu ya kazi. Fundi mwangalifu hatoboi bodi pale ambapo bati la kushikilia mota laweza kufungwa kwenye matundu ya asili. Swichi ya zamani huweza kuachwa mahali pake na kufanywa iwashe mota mpya, na mota ya ombwe huhifadhiwa ndani ya sanduku pamoja na skrubu zake. Atakayelirithi gari apate uwezo wa kulirudisha lilivyokuwa akitaka. Wapo wapenzi wa magari wasemao kwamba kubadilisha hata parafujo moja ni kuipotosha historia. Wapo wasemao kwamba gari lisiloona njia halina historia ndefu mbele yake. Mabadiliko yawezayo kurudishwa huwapatanisha wote wawili.

Maneno ya kifaa

Tumalizie kwa lugha. Neno waipa limetoka gereji, wala halikupita kwenye kamati. Wako watumiao kifuta kioo au kifuta mvua, na maneno hayo yaeleweka mara moja hata na mtu asiyejua gari, kama vile mwanafunzi ajuavyo kifutio cha ubaoni. Lakini fundi aliyelala chini ya gari atasema waipa, na mwalimu akitaka kueleweka naye yampasa alijue neno hilo. Ombwe, kwa upande wake, ni neno la darasani ambalo gereji nyingi hazina. Huko husemwa tu kwamba injini inavuta hewa. Ni vema mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa fizikia walifundishe kwa pamoja, ili mwanafunzi asiishie kukariri kwamba ombwe ni utupu, bali aelewe kwa nini utupu huo uliweza kufuta kioo, na kwa nini uliacha kukifuta mlimani.

Zoezi moja lafaa kwa kidato chochote. Wanafunzi watumwe kwa fundi wa jirani na daftari zao, waandike majina kumi ya sehemu za gari kama yeye ayatamkavyo, na kando ya kila jina waandike kazi ya sehemu hiyo kwa sentensi moja. Majina watakayoleta yatatofautiana kutoka mji hadi mji, na mengine hayatapatikana katika kamusi yoyote. Yakusanywe, yalinganishwe, na yatumwe kwa walimu wenzetu.